Ukimya wa Chilonje

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili sabini na moja. Dunia nzima inaijua siku hiyo. Wameipa jina, Siku ya Sauti, na huko mijini watoto hawaendi shule, watu wanakata keki. Ndahani hajawahi kuionja keki hiyo. Kwake yeye ni siku aliyokufa mkewe Sechelela, basi. Hayo mengine ni ya wakubwa.

Asubuhi ilianza vizuri tu. Sechelela alitoka kuchuma mlenda nyuma ya nyumba, swila akamgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ndahani akamfunga kitambaa, akamlaza kivulini, akakimbilia kwenye rimu.

Maana kijijini Chilonje hakuna simu. Hakuna redio, hakuna umeme wa nguzo, hakuna pikipiki. Tangu yalipojengwa yale madishi meupe kule mbugani, serikali ilichora duara kwenye ramani, na kila aliyejikuta ndani ya duara akaambiwa anyamaze. Mdomo waliachiwa; vyombo ndivyo vilivyonyamazishwa. Madishi yale, ambayo watu waliyaita Masikio, yalikuwa yanasikiliza mawimbi madogo mno yanayotoka mbali mno angani, na plagi moja ya pikipiki ikipiga cheche huko mtoni, kwa Masikio ilikuwa kama radi kupiga kitandani. Kwa hiyo kila kitongoji kikapewa rimu ya lori, ikatundikwa kwenye mti, na kipande cha nondo cha kugongea. Ukiwa na mgonjwa unagonga. Kitongoji cha pili kinadaka na kugonga, cha tatu kinadaka, hivyo hivyo mpaka getini kwa kituo cha Masikio, linapolala gari la wagonjwa, Landkruza kuukuu la dizeli, kwa sababu injini ya dizeli haina plagi. Mapigo ya haraka ni nyoka au damu. Ya polepole ni uzazi. Na kila kitongoji kina mapigo yake ya kujitambulisha mwanzoni. Mtoto wa Chilonje anayajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Siku ile rimu zilifanya kazi yake. Dereva, Chilewa, aliisikia, akarukia kwenye gari, akachomeka ufunguo. Ndipo Daktari Leokadia Rweyongeza, mkuu wa kituo, daktari wa nyota si wa wagonjwa, alipotoka mbio bila viatu, mikono juu.

"Usiwashe! Chilewa, usiwashe!"

Dakika ileile Masikio yalikuwa yamenasa kitu. Mluzi mwembamba uliokuwa ukipanda ngazi kwa ngazi, unakatika, unaanza upya, kwa mpangilio ambao nyota haiwezi kuupanga wala upepo. Ulikuwa unatoka kwenye kijipande fulani kilichokuwa kikipita ng'ambo ya mwezi, nguvu yake ndogo kuliko ya simu ya mkononi ambayo mtu ameisahau huko mwezini. Na gari, hata la dizeli, lina stata na alteneta, na hivyo navyo vina kelele zake. Chilewa alikaa na ufunguo wake saa nzima na robo, mpaka mluzi ulipokatika wenyewe. Walipomfikia Sechelela alikuwa bado anapumua. Alifia njiani, wamebakiza kona mbili kufika hospitali.

Jioni hiyo redio zote za dunia zilitangaza kwamba binadamu hayuko peke yake. Ndahani alikuwa peke yake.

*

Chilewa hakuendesha gari tena baada ya siku hiyo. Alirudisha ovaroli, akarudi kwao kitongoji cha Isele kulima ufuta, na kazi ikabaki wazi. Aliyekwenda kuiomba alikuwa Ndahani.

Watu walimshangaa. Wengine walisema uchungu umempanda kichwani. Yeye hakujieleza. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini ujana wake wote alikuwa ameendesha malori ya mbao, na gari lilikuwa kitu alichokielewa kuliko alivyowaelewa watu wa kituo na mavazi yao meupe. Daktari Leokadia alimpa kazi hapohapo bila kumwuliza leseni. Alimpa kwa aibu, Ndahani akaipokea kwa hasira, wakaelewana.

Sababu yake ilikuwa moja. Alitaka siku nyingine rimu ikilia, mtu mwenye ufunguo asiwe mtu wa kuambiwa.

Alihamia kwenye kibanda cha gari. Nyumbani alirudi Jumapili tu, kufagia. Mtu aliyefiwa sehemu nyingine angalau anafungua redio, nyumba inapata sauti ya mtu, hata kama ni mtu anayetangaza bei ya mahindi. Chilonje hapana. Chilonje mtu anasikia kijiko chake mwenyewe kwenye sufuria. Bado Ndahani alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, si kwa kupenda, ni mkono tu umezoea, na kiporo akimpa Kasanda, mlinzi wa geti.

Kasanda alikuwa Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wake, na alijua kwamba mtani ndiye peke yake anayeruhusiwa kumgusa mtu pale panapouma.

"Wewe Mgogo," alikuwa akimwambia, mdomo umejaa, "ugali wako mgumu hivi, ndiyo maana huoi. Nani atakubali kutafuna matofali?"

"Rudisha basi."

"Nirudishe? Siku nikizikwa, mtani, utanitania nini kaburini kama sikula matofali yako? Lete mboga."

Mazungumzo ya siku nzima yalikuwa hayo. Mengine yote yalikuwa upepo.

*

Ilipofika mwezi wa tano wa mwaka wa sabini na tatu, Daktari Leokadia alikuja kibandani akiwa amebeba chupa ya chai na vikombe viwili. Ndahani alipoona vikombe viwili alijua kuna jambo. Wakubwa hawabebi vikombe viwili bure.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Daktari. Sema."

Alicheka kidogo, akakaa kwenye tairi la akiba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, nywele zimeanza mvi mbele. "Kile kitu kinarudi," akasema. "Mwezi ujao, tarehe tisa, mchana. Kinazunguka kwa mbali, kama ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu. Kitapita pale pale kilipopita."

"Na mimi?"

"Nimekuja kuomba ufunguo wa gari. Kwa saa mbili tu."

Ndahani alianza kufuta kifuniko cha injini ambacho kilikuwa safi tayari.

"Nimeomba helikopta ikae nje ya duara, wamekataa bajeti," Daktari akaendelea. "Nimeomba daktari wa upasuaji aje akae hapa siku hiyo, wamesema wataangalia. Nimepata baiskeli za wagonjwa, nne."

"Baiskeli kutoka Isele mpaka hospitali ni mchana mzima mpaka giza. Mwenye damu atakuwa amekwisha."

"Najua."

"Unajua, halafu unaomba ufunguo."

"Nikusimulie kitu, mzee, halafu uniambie mwenyewe." Alimimina chai, hakuinywa. "Hakirudi tena baada ya hapo. Tumepiga hesabu. Safari hii jua linakitupa nje, na mjukuu wa mjukuu wako hatakiona. Na wenzetu wa nchi nyingine wameshaanza kusema ile sauti ya kwanza ilikuwa kelele ya hapahapa kwetu. Jenereta. Mtu na redio yake ya wizi. Jambo kubwa namna ile haliaminiki kwa kusikika mara moja. Tusipoisikia mara ya pili, mwanzo mpaka mwisho, ya kwanza inafutwa. Itaandikwa kuwa ni kosa."

Ndahani aliacha kufuta.

"Kwa hiyo Sechelela atakuwa amekufa kwa ajili ya kosa," akasema polepole.

"Sikutaka kulisema hivyo."

"Lakini ndilo ulilokuja kulisema."

Daktari aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza Ndahani aliona kwamba naye hakuwa amelala vizuri miaka hii miwili. Hakumwonea huruma. Lakini aliona.

Usiku mzima maneno yale yalimkaa kifuani. Alikuwa amezoea kumchukia huyu mama na Masikio yake, na chuki ile ilikuwa imemfaa kama blanketi. Kwanza walimchukua mkewe, sasa wanamwambia kwamba akitaka kifo chake kiwe na maana, awasaidie. Hivi ndivyo walivyo watu wa juu. Hata msiba wako wanajua kuupangia kazi.

Lakini ukweli ulibaki palepale. Akitaka Sechelela abaki mtu aliyefia jambo, tarehe tisa gari lisiwake.

Asubuhi alimwambia Daktari, "Ufunguo sikupi. Utakaa kwangu. Ila siku hiyo nitauacha mfukoni."

*

Tarehe tisa Juni kilikuwa kipupwe, upepo wa baridi umekausha midomo ya watu. Kituo kilikuwa kimya kama nyumba yenye mtoto aliyelala. Hata taa za ofisini zilizimwa. Ndani, kwenye chumba cha kuta za bati nene, Daktari Leokadia na wenzake walikuwa wamevaa visikizio. Ndahani alikaa kwenye gari, mlango wazi. Kasanda alisimama getini.

Mluzi ulianza saa saba mchana. Ndahani alijua kwa sababu mtu mmoja ndani alilia kwa sauti kisha akajiziba mdomo. Kumbe ni kweli, akawaza. Kumbe kipo. Akajikuta ametabasamu, na hakujua anamtabasamia nani. Sikiliza, mama, akamwambia Sechelela moyoni. Hawakukudanganya.

Muda ukapita. Kasanda ndiye aliyegeuka kwanza.

"Ndahani. Unasikia kitu?"

"Upepo."

"Upepo haugongi."

Ndahani akatoka kwenye gari. Akatega sikio upande wa mashariki. Kweli kulikuwa na kitu, kizito na butu, kama mtu anayetwanga ndani ya nyumba iliyofungwa. Tu. Tu. Tu. Hakuijua sauti ile. Akatembea hatua chache kuelekea getini, na ndipo akaitambua. Ilikuwa rimu. Rimu iliyovishwa kitu.

Wakati huohuo Daktari Leokadia alitoka nje kwa kunyata, macho yanang'aa machozi ya furaha, kuja kuwaambia. Alimkuta Ndahani amesimama na mkono hewani.

"Wamefunga rimu magunia," Ndahani akasema.

"Nani?"

"Watu. Vitongoji vyote. Mmewaambia leo ni siku ya ukimya, wakafunga rimu magunia."

"Lakini rimu haina shida!" Daktari alinong'ona kwa ukali. "Chuma kikigongwa hakitoi kitu chochote cha kutusumbua sisi. Nani aliwaambia wafunge?"

"Nani aliwaambia wasifunge?"

Miaka yote ile mabango yalikuwa yanasema KATAZO, KATAZO, KATAZO. Hakuna aliyewahi kukaa na watu akawaeleza kelele ipi ni kelele.

Ndahani alikuwa akisikiliza mapigo. Mwanzo, jina la kitongoji: Isele. Halafu ya polepole: uzazi. Halafu, kinyume cha kawaida, ya haraka juu yake: damu. Na kwa jinsi magunia yalivyomeza sauti, huenda kila kitongoji kilichelewa kudaka. Haijulikani walianza kugonga saa ngapi.

"Isele," Kasanda akasema, na uso wake ukabadilika. "Mwenye mimba Isele ni mmoja. Ni Nyemo. Binti wa Chilewa."

Chilewa. Aliyekaa na ufunguo saa nzima na robo. Ndahani alihisi kitu kikimjia, kitamu na kichafu, na alikijua ni nini. Hakuhitaji kufanya neno lolote. Akae tu. Akae kama Chilewa alivyokaa, na mambo yote mawili yatakamilika: mke wake atabaki na heshima yake duniani, na yule bwana atajua usiku wa namna ile ulivyo mrefu.

"Umebaki muda gani mluzi uishe?" akauliza.

"Robo saa, nusu saa, sijui," Daktari akajibu. "Mzee Ndahani, sikuamuru. Unanisikia? Sikuamuru uwashe, sikuamuru usiwashe. Siwezi tena."

"Ndiyo, nimekusikia," Ndahani akasema kwa uchungu. "Leo ndiyo hamna amri."

Alitazama Masikio. Yalikuwa yameinama yote upande mmoja kama watu wanaosali. Akamwaza Sechelela, si akiwa amelala kivulini, bali akiwa hai jikoni, anavyomgeukia akichelewa kujibu swali dogo: sasa unangoja nini?

"Nisamehe," akasema, wala hakuwa anamwambia Daktari.

Akapanda, akawasha. Injini ilikohoa mara mbili kisha ikanguruma, na sauti yake katika mbuga ile ikawa kama kufuru. Nyuma yake alisikia mlango wa bati ukifunguliwa na watu wakipiga kelele. Kasanda alikuwa ameshafungua geti lote, anapunga kofia kama mwendawazimu.

*

Nyemo alikuwa kwenye mkeka mlangoni, mdomo mweupe, kanga mbili zimelowa. Chilewa alimbeba mwenyewe. Hakumtazama dereva mpaka walipokuwa njiani, yeye nyuma amempakata binti yake, gari likiruka makorongo.

"Kaka Ndahani," akasema. "Nilipoona gari nilidhani amekuja mtu mwingine."

"Mshike kichwa."

"Sikujua kama utakuja."

"Hata mimi. Mshike kichwa, nimekwambia, kona hii mbaya."

Baadaye kidogo Chilewa alisema, kama mtu anayeongea na sakafu ya gari, "Siku ile nilikuwa na ufunguo. Yule mama hakuwa na bunduki. Angenifanya nini?"

Ndahani hakumsamehe. Akaongeza gia. Zile kona mbili za mwisho alizipita macho yameganda mbele, kwa sababu angetazama pembeni asingeweza kuendesha.

Wauguzi walimpokea Nyemo mlangoni. Alipona. Mtoto naye, wa kike, alilia baada ya kupigwapigwa sana mgongoni. Chilewa alikaa chini barazani akalia kuliko mtoto. Ndahani alikwenda kuosha damu kwenye viti vya gari.

*

Wiki iliyofuata walimfukuza kazi. Barua ilitoka mji mkuu, ikatumia maneno makubwa, lakini maana yake, kama Kasanda alivyomsomea, ilikuwa moja: mharibifu. Magazeti ya nje yalimwita mtu aliyeinyima dunia jibu. Wapo waliosema alifanya kwa kisasi. Alirudi nyumbani kwake, akakaa mlangoni, akasonga ugali wa wawili.

Daktari Leokadia alikuja kwa miguu. Naye alikuwa ameondolewa. Mizigo yake ilikuwa imeshapakiwa. Safari hii hakubeba chai. Alikaa kwenye kigoda cha Sechelela bila kujua, na Ndahani akamwacha akae.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kukuaga. Na kukwambia jambo ambalo sijawaambia wakubwa wa mji mkuu, kwa sababu hawatanisikiliza."

"Marahaba. Nimeifuta ile sauti, si ndiyo? Nimeshaambiwa. Na mke wangu nimemfuta hapohapo."

"Hapana. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Hukuifuta."

Akachukua kijiti, akachora mchangani mstari unaopanda ngazi. "Huu ni mluzi wao." Chini yake akachora mstari mwingine, mnene, wenye meno. "Hii ni kelele ya gari lako. Nimekaa na rekodi usiku na mchana. Kelele yako ilikuwa kubwa, lakini imekaa chini, pembeni. Mluzi unaonekana bado juu yake, safi kabisa. Unaendelea sekunde nne tangu gari lilipowaka. Halafu, pu, unakatika. Katikati ya ngazi. Ile ya kwanza iliishia juu, mwishoni, kama mtu aliyemaliza kusema. Hii imeacha neno nusu."

"Kwa hiyo?"

"Sekunde nne, mzee, ni muda wa mawimbi kutoka hapa getini mpaka kwenye kile kitu, na mengine kurudi kutoka kule mpaka hapa." Alisema taratibu, kama mtu anayeogopa maneno yake. "Ulipowasha gari, kelele ikaenda. Ikafika. Na ilipofika, wakazima."

Ndahani aliutazama mchoro. Kuku akapita juu ya ngazi, akaacha nyayo.

"Wameogopa?"

"Sijui."

"Wamekasirika?"

"Sijui. Inaweza kuwa bahati tu. Kinaweza kuwa chombo kibovu kilichoishiwa nguvu dakika hiyo. Au..." Alisita. "Sisi tukitaka kusikia vizuri, tunafanya nini? Tunazima vyombo vyetu."

Upepo ukapuliza, ukaanza kula ncha za mistari. Ndahani aliwaza chumba fulani huko juu, kama kipo chumba, kama wapo watu, na mmoja wao ameketi mbele ya kazi ya maisha yake yote, kazi inayoendelea vizuri, halafu anasikia kwa mbali mngurumo mdogo wa mtu asiyemjua anayekimbiza mgonjwa.

"Daktari," akasema. "Kama siku ile ya kwanza Chilewa angewasha, wangenyamaza pia?"

Leokadia alifuta macho kwa kiganja. Hilo alikuwa amejiuliza kabla yake, ilionekana wazi, na lilikuwa limeshamla.

"Haya, liache hilo," Ndahani akasema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na ukali ndani ya sauti yake. "Nijibu hili jingine, wewe uliyesoma. Huyo wa kule aliyeweka mkono akazima: aliamriwa na mkubwa wake, au aliamua mwenyewe?"